Nyuzi Nyingi, Ubao Mmoja

Walimu wanafunzi wachache waliokwisha kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta wametuuliza zaidi ya mara moja: yawezekanaje programu ifanye kazi vizuri asubuhi na kuharibika jioni, ilhali hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa? Programu wanazozungumzia ni zile zenye nyuzi nyingi, yaani zile ambazo ndani yake kazi kadhaa huendelea kwa wakati mmoja, zote zikitumia kumbukumbu moja. Wengi wao huziandika kwa lugha ya C, wakifuata kanuni za POSIX za nyuzi, zilizotangazwa mwaka 1995 ili programu moja iweze kutumika katika mashine mbalimbali za jamii ya Unix. Maoni yetu ni kwamba kiini cha swali hilo chaweza kufundishwa katika Darasa la Tano la shule isiyo na umeme. Tena, mwalimu asiyeweza kukieleza bila mashine bado hajakielewa yeye mwenyewe.

Tuanze na kisa kilichotupata, nacho hakitupi sifa njema. Tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Kitahana. Wanafunzi walikuwa wakisomba matofali ya kujengea nyumba ya mwalimu, na darasa moja lilipangiwa matofali 500. Kiwanja kilikuwa na njia mbili za kuingilia, na kila njia ilikuwa na kiranja wake. Ubao wa hesabu ulikuwa mmoja tu, umeegemezwa ukutani, na juu yake kipande kimoja cha chaki. Kiranja alitazama jumla iliyoandikwa, akaenda kuhesabu mzigo ulioletwa, akajumlisha kichwani, kisha akarudi kufuta na kuandika jumla mpya.

Jioni ubao ulisema 460. Watoto walisema wamemaliza. Tuliwaambia ubao hausemi uongo, nao wakarudi bondeni kuleta matofali 40 zaidi giza likiingia. Kiranja mmoja aliadhibiwa kwa uzembe. Asubuhi yake mwenzetu mmoja, kwa sababu nyingine kabisa, alihesabu rundo lenyewe. Akapata 540.

Hakuna aliyesema uongo wala aliyekosea kujumlisha. Viranja wote wawili walikuwa wametazama ubao uliposema, tuseme, 120. Wa kwanza alipokea matofali 10, akaandika 130. Wa pili alipokea 15, naye akiwa bado na 120 kichwani akafuta 130 na kuandika 135. Matofali kumi ya mwenzake yakapotea ubaoni, ingawa yalikuwa yamelala pale pale kwenye rundo. Tuliwataka viranja warudie kazi ile kwa vijiwe mbele yetu. Mara tatu hesabu ilikuja sawa, na mara ya nne ikapungua.

Hili la mara tatu na mara moja ndilo gumu kuliko yote. Sisi walimu tumezoea kosa la hesabu ambalo hukosewa daima: anayesema saba mara nane ni hamsini na nne atasema hivyo leo na kesho, nasi tutamsahihisha. Kosa la nyuzi hutegemea nani alitangulia kwa nukta moja. Ndani ya kompyuta, amri fupi ya kuongeza moja kwenye hesabu huwa hatua tatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Uzi wa pili waweza kupenya katikati. Hata ukiweka amri ya kuchapisha ili uone kinachotokea, amri hiyo huchelewesha uzi mmoja, na pengine kosa likajificha kwa sababu tu umekuja kulitafuta.

Dawa inayofundishwa ni kufuli: uzi unaotaka kugusa hesabu hulifunga kwanza, na wengine hungoja mpaka lifunguliwe. Hapa ndipo walimu wanafunzi wengi hukosea, nasi tungependa walizingatie jambo hili kuliko mengine. Kumbukeni kwamba chaki pale kiwanjani ilikuwa moja tu. Viranja wawili wasingeweza kuandika pamoja hata wangetaka. Kufuli lilikuwapo tayari. Ila kila mmoja aliishika chaki wakati wa kuandika tu, na kusoma kukafanyika bila chaki. Tulipoweka sharti kwamba asiyeshika chaki asiutazame ubao kabisa, na anayeishika asiiweke chini mpaka amekwisha kuandika, hesabu haikupotea tena. Kufuli linalolinda kuandika na kuacha kusoma wazi halilindi kitu.

Sharti hilo lilileta usumbufu wake. Kiranja mmoja aliondoka na chaki mfukoni kwenda kunywa maji, na kazi yote ikasimama. Katika programu hutokea hivyo hivyo pale mwandishi anapofunga kufuli, kisha kukatokea hitilafu, naye akatoka katika fungu hilo la programu kwa mlango wa nyuma bila kufungua. Na kiranja wa pili alikuwa akikaa bure wakati mwenzake akihesabu mzigo huku ameshika chaki. Tukawaambia wahesabu mzigo kwanza, ndipo waje kuishika chaki, wasome, wajumlishe na kuandika mara moja. Kufuli lifungwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, lakini usiwe mfupi kuliko kazi yenyewe.

Mkwamo ni rahisi zaidi kuuonyesha, kwani kila mtoto aliyetumwa kisimani anaujua. Juma ameshika kamba, anangoja ndoo. Ana ameshika ndoo, anangoja kamba. Hakuna anayekubali kuachia alichonacho, na wote wawili watakaa hapo hadi kengele ya mwisho. Watoto wenyewe, wakiulizwa, hutoa suluhisho ambalo wataalamu nao hulitumia: kila mtu aanze na kamba, ndipo achukue ndoo. Mpangilio ukiwa mmoja kwa wote, mzunguko wa kungojana hauwezi kufungika. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyeandika juu ya kuzuiana kwa kazi za namna hii mwaka 1965, alikipa chombo chake jina la ishara za reli. Mtu wa Kigoma hahitaji maelezo marefu juu ya jina hilo. Reli ya zamani ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni ya njia moja, na treni zinazokutana hupishana stesheni, si penginepo.

Kuna makosa mengine ambayo tutayapitia kwa haraka. Anayeanza huunda nyuzi kumi na kuupa kila mmoja anwani ya namba ile ile inayoendelea kubadilika. Ni sawa na mwalimu anayeandika namba ya kikundi kwenye kona ya ubao na kuifuta kabla kiongozi wa kikundi hajainua kichwa. Kila mmoja apewe kikaratasi chake. Mwingine husahau kuzingoja nyuzi kwa amri ya pthread_join. Programu kuu ikimalizika, nyuzi zote hukatika nayo, kazi ikiwa nusu. Mwingine tena, uzi wake ukiamshwa kutoka usingizini, huamini mara moja kwamba kilichongojwa kimefika. Kanuni za POSIX zinaruhusu uzi kuamka bila sababu, kwa hiyo ni lazima uhakikishe tena, kama mtoto aliyesikia kengele ya uji anavyochungulia kwanza sufuria.

Wapo wenzetu wanaosema mambo haya ni ya vyuo vikuu, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi ana shida za madawati na vyoo zinazomtosha. Juu ya madawati tunakubaliana nao. Lakini hatukubali kwamba makosa haya ni ya watu wachache wa mbali. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwachoma wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi mno, na baadhi yao wakafa. Sababu mojawapo ilikuwa kazi mbili za programu zilizopishana vibaya pale mhudumu aliporekebisha maandishi upesi. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na kosa hilo hilo katika programu yake, ila vizuizi vya chuma na umeme vililificha. Vilipoondolewa, likajitokeza. Na wagonjwa walipolalamika kwamba wameungua, hawakusadikiwa upesi, kwa kuwa wahandisi walipoijaribu mashine waliiona ni nzima.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio wa somo uwe kinyume cha ule unaozoeleka. Msianze na fasili ya uzi wala na kufuli. Anzeni na ubao, chaki moja, vijiwe na viranja wawili, mwache hesabu ipotee, na mwaulize watoto ni nani aliyekosea. Watamtaja mtu. Msikubali upesi, wala msikatae. Waacheni warudie zoezi, hata mara ishirini, na kila mara waandike jumla ya ubaoni kando ya jumla ya rundo. Wakati wa kutosha utengwe kwa marudio hayo, japo andalio la somo litaonekana tupu machoni pa mkaguzi. Kufuli lije baadaye, wakati watoto wenyewe wameanza kugombania chaki.

Kiranja yule tulimwomba radhi mbele ya darasa. Aliuliza kama yale matofali 40 yangehesabiwa katika zamu ya wiki iliyofuata, nasi tukayahesabu.