Binti Yangu Alizuru Italia Bila Kutoka Ruiru

Wiki chache zilizopita, binti yangu aliye katika Gredi ya 6 alirudi nyumbani hapa Ruiru na daftari lake la insha, uso ukimeremeta kwa furaha. Mada ilikuwa ile ile ambayo hata sisi tuliokwisha kuota mvi tuliiandika enzi zetu: likizo niliyoifurahia pamoja na jamaa yangu. Alikuwa amepata alama 36 kati ya 40, na pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba amesafiri vyema na aendelee vivyo hivyo.

Niliketi nikaisoma insha hiyo kwa fahari ya mzazi. Nilisoma jinsi sisi sote wanne tulivyopanda ndege alfajiri hadi Roma, tukaingia Colosseum, tukarusha sarafu katika chemchemi ya Trevi, kisha tukapanda mashua mjini Venezia na kula piza chini ya mnara wa Pisa ule ulioinama. Mimi mwenyewe nilikuwamo, kamera kubwa ikining'inia shingoni, nikiwapiga picha watoto na mama yao. Msomaji mpenzi, sijawahi kumiliki kamera. Binti huyu hajawahi kupanda ndege. Ukweli ni kwamba hata kule Thika, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka mlangoni petu, alikuwa amefika kwa ajili ya kununuliwa viatu na kumwona daktari wa meno, basi.

Sikumkemea. Insha ya kubuni ni insha, na tangu lini fasihi ikaomba kibali cha ukweli? Kilichonichoma moyo ni jibu lake nilipomuuliza kwa nini hakuandika kuhusu matembezi ya Thika, japo ya kubuni pia. Alinitazama kwa huruma, kama amtazamaye mtu aliyepitwa na wakati, akasema: "Baba, kwani Thika kuna nini cha kuandika?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nathubutu kusema kwamba si la mtoto mmoja wa Ruiru pekee.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa riziki. Neno mtalii tumelipata kutokana na kitenzi talii, ambacho tulikikopa kutoka Kiarabu. Maana yake ya awali si kuzurura wala kuota jua ufuoni. Kutalii kulikuwa kusoma, kupekua, kuchunguza jambo kwa makini. Katika nasaba hiyo hiyo tumepata neno mtalaa, ambalo kila mzazi wa Kenya analijua siku hizi kwa sababu ya mabishano yasiyokwisha kuhusu mtalaa wa shule. Kwa hivyo mtalii na mtalaa ni ndugu wa damu. Mtalii ni msomaji ambaye kitabu chake ni nchi.

Hebu sasa sikiliza jinsi neno hilo linavyotumika barabarani. Ukitamka mtalii, kila asikiaye anamwona Mzungu mwenye kofia pana na kaptura, ndani ya gari lililofunguliwa paa. Mkenya anayetoka kwenda kuiona nchi yake hana jina maalumu. Husemwa tu kwamba "ameenda kutembea". Yaani tumempa mgeni kazi ya kusoma, nasi tukabakiwa na kazi ya kutembea.

Nilikwenda Italia mara moja katika maisha yangu, peke yangu, kuhudhuria kikao cha wataalamu wa lugha za Kiafrika mjini Napoli. Huenda ndiko hasa uliko mzizi wa insha ya binti yangu. Chuo kikuu cha mashariki cha mji huo kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na mmoja wa waliokifundisha, Elena Bertoncini, alichapisha mwaka wa 1989 kitabu kinachochambua riwaya na tamthilia zetu ambacho wanafunzi wa vyuo vyetu wamekitegemea mno. Jambo hilo lenyewe lingetosha kututia haya. Lakini kilichonikaa akilini zaidi nilikiona Jumapili moja katika makumbusho ya mambo ya kale ya Napoli, mnamohifadhiwa vitu vilivyofukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka wa 79. Umati mkubwa niliouona mle ndani ulikuwa wa Waitalia wenyewe. Babu mmoja alikuwa ameinama mbele ya kisanduku cha kioo akimsomea mjukuu wake maelezo yaliyoandikwa kwa lugha yao, na mjukuu akibisha. Tangu mwaka wa 2014, serikali yao imekuwa na desturi ya kuifungua milango ya makumbusho ya umma bila malipo Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mtoto aliye chini ya miaka 18 hulazwa bure katika orodha ya wasiotozwa kiingilio siku zote. Kwa hiyo Italia ile ambayo binti yangu anaiota kutoka mbali, mtoto wa Kiitalia hufunzwa kuisoma kama herufi.

Basi nikaamua. Jumamosi moja tuliwapakia watoto katika gari letu kuukuu, tukaifuata ile barabara kuu ya Thika yenye njia nane iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka wa 2012. Kabla hatujatoka Ruiru nilimuuliza binti yangu jina la mji wetu lina maana gani. Hakujua. Nilimwambia asikilize mnyambuliko wake kwa sikio la Kikuyu: rũirũ ni sifa ya weusi inayokubaliana na nomino kama mto. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mto wetu ulikuwa mweusi hata kabla ya watu kuutupia taka. Nilijifanya ninaangalia matuta.

Thika nako kuna jina la kutafunwa. Wapo wanaolinasibisha na Wamaasai, wapo wanaolitafsiri kwa Kikuyu kuwa ni kuzika, na wanasimulia habari za waliozikwa hapo zamani. Mabishano hayo siyamalizi leo. Ila niliwaonyesha watoto jinsi thika ya Kikuyu na zika ya Kiswahili zilivyo neno moja lililovaa kanzu mbili, na kitinda mimba wangu, mwenye miaka saba, akashinda asubuhi yote akitafuta maneno mengine ya kuyabadilisha z kuwa th. Hakupata mengi, lakini alicheka sana.

Tulisimama katika hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka wa 1908, ambako unaweza kuyaona maporomoko mawili ya mito miwili, Chania na Thika, kwa hatua chache tu. Hapo ndipo nilipomjibu binti yangu swali lake. Nilimwambia kwamba kulikuwa na msichana wa Kiingereza, Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika na wazazi wake akiwa mdogo kuliko yeye, wakati wakoloni walipokuwa wakijitwalia ardhi ya hapa. Msichana huyo alipokua aliona mengi mno ya kuandika. Kitabu chake kuhusu Thika kilitoka mwaka wa 1959, kikasomwa duniani kote, na mwaka wa 1981 kikafanywa mchezo wa runinga huko Uingereza. Kwa hakika, wasomaji wengi wa Kiingereza wanaijua Thika ya mtoto yule kuliko binti yangu anavyoijua Thika ya kwao. Simlaumu mwandishi huyo. Alitalii, naye akaandika alichokiona kutoka pale aliposimama. Lawama ni yetu tuliodhani kwamba kwa kuwa yeye ameandika, kazi imekwisha.

Kutoka Thika tulielekea mashariki, tukiyapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, hadi mlima ambao ramani zinauita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa kwa Kimaasai. Wenyeji huuita Kilimambogo, jina ambalo hata mtoto wa Lamu atalielewa bila mkalimani, kwa sababu mbogo bado wapo. Wakikuyu wa kale waliuita Kĩanjahĩ, mlima wa mvua kubwa. Jomo Kenyatta aliutaja katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 miongoni mwa milima mitakatifu. Mlima mmoja, majina matatu ya jamii tatu! Huo ni mtalaa mzima wa historia ya majirani.

Hata hivyo, maandishi yanayomvutia mgeni njiani kuelekea kileleni ni ya kaburi la tajiri aliyezaliwa Marekani, William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka wa 1925. Kwa kumbukumbu yake mkewe alijenga maktaba ile ya Nairobi yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ambamo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma. Watoto wangu waliujua wasifu wa bwana huyo katika dakika tano. Wasifu wa Kĩanjahĩ ilibidi wausikie kutoka kwangu, nami niliusoma maktabani nikiwa mtu mzima.

Siku hiyo nzima, popote tulipopita, sikuona ubao hata mmoja ulioniambia jambo kwa Kiswahili, isipokuwa ule wa kukataza. Tafadhali usitupe takataka. Usiogelee. Lugha ya taifa imepewa kazi ya askari wa zamu, na Kiingereza kimepewa kazi ya msimulizi. Isitoshe, katika lango la mahali fulani nisipopataja, kijana mmoja mwenye adabu zake alichungulia ndani ya gari letu, akatutazama sote, kisha akaniuliza: "Shikamoo mzee, watalii mmewaacha wapi?" Alidhani mimi ni dereva. Mke wangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Binti yangu hakucheka.

Tulimalizia katika Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Ni mahali pa kustaajabisha, maji yakigawanyika juu ya miamba na kuanguka kama mapazia, na vijana wa hapo wanaovusha wageni kwa mashua au kuruka kutoka juu ili wapate chochote. Lakini, msomaji, maji yale yananuka. Yana povu, na kando ya mawe chupa za plastiki zimejipanga kama waumini. Si siri kwamba mto huu hupokea uchafu wa Nairobi, na mito ya kwetu, ukiwemo ule wa Ruiru, humwaga humo humo. Tulikuwa tumekwenda kuitazama taka yetu wenyewe ikianguka kwa madaha.

Kisha nikawaambia watoto mto huo unakokwenda. Mbele huko huitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia baharini karibu na Malindi. Na Malindi ni mji gani? Ni ule ambao Waitalia wameupenda kwa miongo mingi hata muuza samaki sokoni hujibu kwa Kiitalia bila kuhariri sauti. Binti yangu aligutuka. "Kwa hiyo maji ya Ruiru yanakwenda kwa Waitalia?" Naam, nilimwambia, tena msimu wa mvua huibadilisha rangi ya bahari pale yanapoingilia.

Najua nitaambiwa kwamba matembezi ni anasa, na kwamba mzazi anayehangaikia karo na unga hana nafasi ya kusoma milima. Nakubali kwamba petroli ya siku ile iliniuma. Lakini ninachokidai hakihitaji petroli. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaiagiza dola kuziendeleza lugha za wenyeji. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeuweka utalii wa mashinani mikononi mwa kaunti. Je, ubao wa Kiswahili, Kikuyu na Kikamba unaoeleza jina la mlima unagharimu kiasi gani? Na kijitabu cha kurasa ishirini ambacho mwalimu wa Gredi ya 6 angeweza kukibeba? Walimu wa lugha nao, nikiwa mmoja wao, tunaweza kuacha kumzawadia mtoto kwa Venezia aliyoinakili runingani huku tukimkata alama kwa Chania aliyoiona.

Jumapili jioni nilimkuta binti yangu mezani, ameanza insha mpya bila kuagizwa na mtu. Alikuwa amefika pale maporomokoni, naye alikuwa ameshikilia kalamu hewani.

"Baba," akauliza, "naweza kuandika kwamba mto ulinuka? Mwalimu alisema likizo iwe na mandhari ya kupendeza."

Nilimwambia aandike. Akauliza kama neno sahihi ni kunuka au kuvunda. Tulifungua kamusi, tukabishana, na mwishowe akachagua kuvunda. Daftari limepelekwa shuleni tangu Jumatatu na halijarudi.