Anayetoa feza ya kwanza njo anapanga bei

Watu wengi kwetu Pinga wanazani umaskini wa mchimbaji unatoka kwa bei ya dunia. Wanasema bei ya kasiterite imeshuka, tungoje ipande. Lakini hata wakati bei iko juu, nyumba zetu zinabakia zile zile na watoto wanafukuzwa masomo juu ya minerval. Basi kuna kitu kingine. Kitu hicho kinaitwa deni la shimo.

Wachimbaji wote wanajua kazi inavyoanza. Hauna unga, hauna maharagi, hauna toroshi wala nyundo. Négociant anakuletea vyote, na hakuombi riba. Anaomba neno moja tu: madini yote utaniuzia mimi, kwa bei nitakayosema. Tuchukue mufano. Watu kumi wanapewa vitu vya dolari 100. Kwa mwezi mmoja wanatoa kilo 60, na kwa kila kilo wanapunguziwa dolari moja. Wamelipa dolari 60 juu ya deni la dolari 100, halafu lile deni lenyewe bado wanalirudisha. Hakuna banki inayoweza kudai riba ya namna ile wazi wazi. Huyu anaidai bila karatasi, na sisi tunamushukuru.

Tusimuchukie bure. Yeye pia amekopa kwa kontwari ya Goma ao Bukavu, na kontwari inapata feza kwa wanunuzi wa ngambo. Feza inashuka kwa ngazi, na kwa kila ngazi mutu anakata sehemu yake. Yule wa chini kabisa, mwenyi kuingia ndani ya shimo, njo anabeba hatari yote: ukuta ukianguka ni yeye, mushipa wa madini ukikatika deni ni lake.

Kisha kuna barabara. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Kila bariere ni kodi, hata kama haiko ndani ya sheria yoyote. Kutoka Pinga kupitia Kalembe, Mweso na Kichanga mpaka Sake, mutu anahesabu matope, vita na watu wa kamba. Hesabu ile yote inarudi kwa bei ya shimoni. Ndiyo sababu barabara mbaya ni jambo la feza yetu sisi wenyewe, kabla ya kuwa jambo la wenye magari.

Sasa tuangalie upande wa Leta. Code minier ya mwaka 2018 inagawa redevance ambayo makampuni yanalipa: asilimia 50 inaenda Kinshasa, 25 kwa provinsi, 15 kwa sekta ao chefferie ambamo muna mgodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Ile asilimia 15 sheria imeifunga: ni ya kujenga vitu vya lazima vya raia, kama barabara, masomo, maji na hospitali. Upande wa Walikale, Pinga iko ndani ya sekta ya Wanianga, ile ile sekta yenye Bisie. Na Bisie haiko shimo dogo. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati.

Basi tuulize bila woga na bila matusi: sehemu ya Wanianga ilikuwa feza ngapi kila mwaka, na imejenga nini, wapi? Hili haliko swali la siasa. Ripoti za ITIE zinaandika yale makampuni yanalipa, na chef de secteur anapashwa kutuonyesha yale yameingia na yale yametoka. Karatasi moja ibandikwe kwa ukuta wa biro, kwa Kiswahili, inatosha. Upande wa Masisi, sheria ni ile ile.

Wengine watasema: vita ikiisha njo tutazungumza mambo hayo. Lakini tukumbuke tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2010. Rais Kabila alifunga uchimbaji wote wa mukono katika Kivu mbili na Maniema, na ulifunguliwa tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Kwa miezi sita, mwenyi hakuwa na akiba hakuwa na kitu. Aliyekopa alikopa tena, na mashimo yalipofunguliwa alirudi akiwa na deni kubwa kuliko mbele. Mutu asiye na mufuko wake, kila uamuzi wa mbali unamuangukia yeye wa kwanza.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya VAT ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, na ikafungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita. Ndani ya soko kuna wanunuzi wengi na muzani mbele ya macho. Hata kwetu vituo vya biashara vilijengwa, Isanga, Itebero na Rubaya. Pinga haikupata. Soko kama lile ni jambo la kudai. Lakini soko halimusaidii mutu ambaye madini yake yameisha kuuzwa kabla hayajatoka ndani ya udongo.

Kwa hiyo tuanzie kwa ile feza ya kwanza. Wamama wetu wametangulia: wako na likelemba na AVEC, sanduku moja, funguo tatu kwa watu watatu, hesabu inasomwa mbele ya wote. Watu 20 wakiweka franka 2,000 kila juma, kwa majuma 50 ni franka milioni 2. Haiwezi kununua mashine. Lakini inaweza kununua unga, maharagi na toroshi, na timu ikiingia shimoni na unga wake, itatoka na uhuru wa kuuliza bei kwa wanunuzi watatu.

Koperative njo zilipashwa kufanya kazi ile. Sheria inamulazimisha mchimbaji awe ndani ya koperative, lakini nyingi ni jina la mukubwa mmoja na kachet yake. Memba aulize: mufuko wetu uko wapi, tulikutana lini, ni nani tulimuchagua? Koperative isiyo na jibu ni négociant mwingine tu, na tuache kumupa mchango.

Madini hayazaliwi mara mbili. Mushipa ukiisha, kitakachobakia Pinga ni kile tulichojenga nao na kile kilichomo ndani ya sanduku. Jumapili hii, kabla ya timu kuchukua unga wa mutu, ihesabu kwanza: unga ule tutaulipa kilo ngapi?