Kichwa Kikiuma Mimbani Tusikimbilie Kusema Malaria



Safari hii tunajibu swali la mama mmoja aliyetusimamisha baada ya misa hapa Mtowisa. Amesikia kwamba siku hizi presha ya mimba hutambuliwa kwa kupima kinga ya mwili katika damu. Je, sisi tunaofungwa mkanda mkononi na kupimwa mkojo kwa kijikaratasi tunapunjwa?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mtoto aliye tumboni nusu yake ni ya baba, hivyo kwa kinga ya mama yeye ni mgeni. Kwa kawaida kinga humpokea, tena husaidia mishipa ya tumbo la uzazi ipanuke ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Kwa baadhi yetu mapokezi hayo huharibika. Mishipa hubaki myembamba, nalo kondo lenye njaa humwaga katika damu ya mama vitu vinavyochokoza kuta za mishipa mwili mzima. Presha hupanda, figo huvujisha protini, na ubongo ukiguswa ndipo huja kifafa cha mimba. Ndiyo sababu mimba ya kwanza, au ya kwanza kwa mume mpya, ina hatari zaidi. (Baba asilaumiwe, wala mama.)

Kinga ikichokozwa, alama fulani huongezeka damuni, mojawapo ni protini iitwayo CRP. Lakini CRP hupanda pia kwa malaria na kwa ugonjwa wa njia ya mkojo, na hapa bondeni nani hajaugua malaria? Alama zenye msaada zaidi hutoka kwenye kondo. Moja ilielezwa na wataalamu wa Boston mwaka 2003, na baadhi ya hospitali za Ulaya huipima. Hata huko hawajautupa mkanda wa presha.

Tunamkumbuka binti mmoja, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Kichwa kilimuuma siku tatu, akiona vimulimuli. Nyumbani wakasema malaria, akanywa dawa. Uso ulipovimba wakasema amenawiri. Alipokakamaa wakasema mapepo, wakaomba hadi alfajiri. Alipotufikia presha ilikuwa 180 kwa 120. Tulimchoma magnesiamu salfeti, akapandishwa Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga, mvua ikinyesha. Yeye alipona. Mtoto hatukumpata. Nasi ni watu wa sala, lakini sala husaliwa hata ndani ya gari.

Sindano hiyo si ya kubahatisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ila lazima mama afike.

Basi mama, presha ikifika 140 kwa 90 baada ya mwezi wa tano, usiondoke kliniki bila mkojo kupimwa. Kichwa kisichotulia, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla: njoo siku hiyohiyo, hata kama umeshajifungua, maana kifafa huweza kuja siku kadhaa baadaye. Aliyewahi kuugua atuambie mapema, kabla ya mwezi wa nne, ili aangaliwe kama anafaa kupewa aspirini kidogo kila siku. Asijinunulie dukani.