Salamu Haichagui Sare



Leo tunalo neno, na tunakuombeni mtustahamilie maana si tamu. Linawahusu mabinti zetu wanaofanya kazi kwenye ndege. Linawahusu zaidi wale wanawake wanaopanda ndege hizo wakiwa wamejitanda vizuri, tasbihi mkononi, kisha wakaona uzito kumwitikia salamu Muislamu mwenzao kwa sababu ya nguo aliyopewa kazini.

Mwenye kupita viwanja vikubwa, Dubai, Doha, Addis Ababa, Nairobi au Istanbul, ameliona jambo hili hata kama hakulitia akilini. Kundi la wahudumu wa ndege linakuja, wanaburuta visanduku vyao, linapishana na kundi la shirika jingine. Hawajuani. Pengine hata lugha zao hazikutani. Lakini utaona huyu anainamisha kichwa kidogo, yule anatabasamu, rubani anainua mkono, kila mtu anashika njia yake. Si sheria iliyoandikwa, na wapo wanaopitana kimya, hasa waliochoka. Ila wa shirika moja wakipishana bila ya neno, aliyenyamaza wenziwe humwona ana maringo.

Wanasalimiana kwa nini watu wasiojuana? Kwa sababu kila mmoja akiiona ile sare anajua mwenziwe anapitia nini. Ameamka saa 8 za usiku, miguu imevimba, ametukanwa na abiria na akajibu kwa adabu, na sikukuu ameila hotelini peke yake. Kile kichwa kinachoinama kinasema: nakuona, najua, Mungu akusaidie.

Sasa tuje kwetu. Katikati ya kundi lile yumo binti wa Unguja au wa Pemba. Mbele yake wanakuja wanawake wa kwao, anawajua kwa kanga, kwa lafudhi, kwa namna wanavyoitana. Anafurahi. Anawaambia, "Assalaam alaykum." Anachopata ni jicho linaloanzia kwenye kofia na kuishia kwenye viatu, kisha kimya. Wakishapita ndiyo anasikia sauti nyuma: "Umemwona yule? Mtoto wa nani yule?"

Haya hatukuyatunga. Sisi ni mafundi wa gauni za harusi, na fundi husikia mengi. Mtu akishasimama na tepu kiunoni husema yaliyomo moyoni. Bi harusi mmoja anayefanya kazi hiyo alituambia hivi: "Wageni wasionijua wananipa salamu. Mama zangu wa nyumbani wananipa mgongo." Hakulia. Alisema kama mtu aliyekwisha zoea, na hilo ndilo lililotuuma.

Jamani, salamu si zawadi ya kumpa unayempenda. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tukisalimiwa tujibu kwa lililo bora zaidi, au kwa uchache turejeshe kama tulivyopewa. Wanavyuoni wametufundisha kuwa kuanza salamu ni sunna, ama kuitikia ni wajibu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alipoulizwa Uislamu upi ulio bora, alitaja kulisha chakula na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Hakuweka sharti la kumkagua mtu nguo kwanza.

Tunajua mtajibu nini, maana tumeshajibiwa.

La kwanza mnasema, "Hajajisitiri." Enyi dada zetu, sisi riziki yetu ni mavazi ya stara. Hatuwezi kusema stara si kitu, na hatusemi. Tunasema stara ni amri ya Mungu na kuitikia salamu pia ni amri yake, na aliyeacha moja hakupewa ruhusa ya kumshutumu mwenziwe aliyeacha nyengine. Binti yule pengine anajua upungufu wake kuliko unavyoujua wewe, na anauombea dua usiku. Wewe je, unajua kama hukumwitikia?

Tena msidhani hali ni moja duniani kote. Wapo wahudumu wa ndege wanaofunika vichwa kazini. Saudia na Royal Brunei ni mashirika ya kutajwa. Tarehe 23 Februari 2016, marubani watatu wanawake wa Royal Brunei walirusha ndege mpaka Jeddah, katika nchi ambayo wakati ule mwanamke alikuwa hajaruhusiwa hata kuendesha gari. Ruhusa ya gari ilikuja Juni 2018. Kwa hiyo ukimwona mwanamke ndani ya sare ya ndege, usikimbilie kumfungia kitabu chake.

La pili mnasema, "Anagawa pombe." Hili ni zito, na hatutalipunguza. Mwenye kutaka hukumu yake aende kwa masheikh, na binti mwenyewe anayefikiria kazi hiyo aulize kabla ya kutia saini mkataba. Lakini wewe uliyekutana naye kwenye njia ya uwanja wa ndege umejuaje anachogawa? Saudia hawauzi pombe. Kuwait Airways hawauzi. EgyptAir na Royal Brunei pia hawaitoi. Umesoma jina la shirika lake kifuani, au umeona sketi tu ukatoa hukumu? Na hata kama shirika lake linatoa, salamu si cheti cha kumpasisha mtu mtihani. Ni dua. Unamwombea amani na rehema za Mungu. Unayemwona amekosea ndiye umnyime dua?

La tatu ni la wale waliosoma kidogo. Wanatutajia kisa cha Ka'b bin Malik na wenzake wawili, waliobaki nyuma kwenye vita vya Tabuk, Waislamu wakaamrishwa wasiseme nao kwa siku 50. Kweli, kisa kipo na ni sahihi. Lakini aliyetoa amri ile ni Mtume mwenyewe, na mwisho wake toba ilikubaliwa na Madina nzima ikafurahi. Wewe nani amekuamrisha? Na toba ya nani unaingojea, wakati hata jina lake hulijui? Wanavyuoni waliozungumzia kumhama mtu aliyekosea walizungumzia dawa, na dawa huandikwa na daktari kwa kumkusudia mgonjwa apone. Aliyezungumza nasi hakupona kitu. Alichojifunza ni kuinamisha macho kila akisikia Kiswahili uwanja wa ndege.

Kuna jingine linatuchekesha na kutukera. Wapo wanaomnyima salamu wakiwa wanakwenda, lakini siku ya kurudi mizigo ikizidi uzito ghafla anakuwa "mwanangu," "mpenzi wangu," "hujambo mama." Kumbe wanataka awachukulie mfuko wa vitambaa au kopo la halua. Hizo si salamu, hiyo ni nauli. Na mjue kuwa kubeba mzigo wa mtu mwengine kunaweza kumfukuzisha kazi, na ukikutwa na kitu kibaya ndani yake kumfikishe jela.

Tutazame pia kazi yenyewe, maana dharau nyengine inatokana na kutoijua. Mnadhani yule kaajiriwa kumimina chai. Chai ni sehemu ndogo. Ndege kubwa ya abiria haikubaliwi kuruka mpaka ithibitishwe kuwa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa nusu ya milango tu, na wa kuwatoa ni hao hao wahudumu. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikashika moto. Watano katika ile ndogo walifariki. Ndani ya ile kubwa walikuwamo watu 379, na wote walitoka hai, wakiongozwa na wahudumu katikati ya moshi. Siku kama hiyo, Mungu atuepushe nayo, sauti utakayoifuata ni ya yule yule uliyemwona hafai kuitikiwa.

Na watu wa ndege wamejifunza kwa maumivu kwamba kusalimiana si mapambo. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Ukungu ulikuwapo, na redio hazikusikilizana vizuri. Lakini ndani ya ndege ya KLM mhandisi aliuliza kama ile ndege ya mbele imeshatoka njiani. Nahodha akajibu kwa yakini kuwa imetoka, na swali likafa pale pale. Miaka iliyofuata mashirika yakaanza kuwafundisha wafanyakazi wao kuzungumza: mdogo aweze kumwambia mkubwa, "Simama, kuna hatari." Ndiyo maana kabla ya safari wanakutana, na katika mashirika makubwa wengi wao wanaonana siku hiyo kwa mara ya kwanza, wanatajiana majina na kusalimiana. Wanajua kuwa mtu uliyemsalimia hataogopa kukwambia neno la kukuokoa.

Tazameni basi! Wenzetu wamelifikia hilo baada ya maiti 583. Sisi tulipewa zamani bila ya kulipa kitu. Salamu ni amani. Ukimpa mtu umempa usalama kutoka kwako. Binti aliyesalimiwa na mama wa kwao atakuja kumuuliza, "Mama, nimechumbiwa, nifanyeje?" au "Mama, hii kazi nataka kuiacha, unanishauri vipi?" Aliyepewa mgongo hatouliza. Akianguka, msije mkashangaa kuwa hakuna aliyejua.

Kwenu mabibi harusi tuna neno pia. Kila mwaka tunawavalisha wanaoolewa Muscat, Dubai au London, na wengi huruka peke yao wakiwafuata waume zao. Singo bado inanukia mwilini, hina bado nyekundu, na yuko uwanja wa kigeni saa 9 za usiku hajui mlango wa kuunganishia safari. Nani atamwona? Mara nyingi ni yule yule mwenye sare, atakayeitambua hina ya nyumbani na kumwambia, "Assalaam alaykum, unakwenda wapi, dada?" Jibuni. Na siku mtakapokuwa nyinyi ndio mawifi na mama wakwe, likaletwa jina la binti anayefanya kazi ya ndege, ulizeni dini yake na tabia yake kama mngeuliza za mwalimu au muuguzi. Msimkatae kwa sare kabla hamjamjua.

Adabu ya salamu njiani ni nyepesi, na imeshafundishwa: aliyepanda amsalimie anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, wachache wawasalimie wengi, mdogo amsalimie mkubwa. Ukiitia uwanja wa ndege inakaa sawasawa. Wewe unayepita mbele ya viti vya kungojea, uanze wewe. Uko kwenye mkanda unaotembea na mwenzio anakwenda kwa miguu, uanze wewe. Wahudumu wanapopita na nyinyi mmekaa, wao ndio waanze. Wakichelewa, usihesabu, anayeanza ndiye mwenye fadhila zaidi. Sema kwa sauti ya kiasi na usimzuie, ana saa ya kuripoti. Mlangoni mwa ndege akikukaribisha, mwitikie ukimtazama usoni, usipite kama unapita mbele ya nguzo. Akiwa mwanamme, neno la heshima linatosha, mkono si lazima. Na asiye Muislamu naye akikuinamishia kichwa, mrudishie wema wake kwa bashasha.

Na nyinyi mabinti wa sare, msichoke. Mkipewa kimya, salimieni tena safari ijayo. Aliyetoa salamu ameshaandikiwa lake, aliyenyamaza ndiye aliyebaki na deni.

Tunajua wapo watakaokasirika na maneno haya. Wakasirike, lakini safari ijayo waitikie.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.