Usiseme ni uzee tu, jicho lipimwe mpaka nyuma



Hapa Mkolani mzee akianza kuona vibaya, tunasema, "Ni uzee huo." Wengine husema, "Ni mtoto wa jicho, atapasuliwa." Mimi nasema tusiamue sisi. Kwanza daktari aangalie nyuma ya jicho.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Lenzi hubadilishwa, mtu akaona tena. Lakini nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina. Huo ndio unaopokea picha. Hulishwa na mishipa ya damu myembamba sana. Uko ugonjwa wa uzeeni ambao mishipa iliyo chini ya katikati ya retina hupungua. Retina hukosa chakula. Bibi anaona ungo wa mchele, haoni mawe. Anaona mgeni ameingia, hatambui sura. Kubadilisha lenzi hakuponyi ugonjwa huu.

Pengine huota mishipa mipya, dhaifu, ikavuja damu. Hapo macho huweza kuharibika kwa siku chache tu. Ipo sindano ya jicho ya kuzuia uvujaji, lakini aliyechelewa harudishiwi yote aliyopoteza.

Mishipa hiyo hupigwa picha. Mwaka 1961, wanafunzi wawili wa udaktari wa Marekani, Novotny na Alvis, walieleza namna ya kuchoma rangi katika mshipa wa mkono, kisha kupiga picha rangi ikipita jichoni. Siku hizi zipo mashine zinazotumia mwanga tu. Zinaonyesha damu inapopita na inapokosekana. Ni ghali. Hata hivyo, kwa maoni yangu zisiwe za miji mikubwa peke yake. Picha inaweza kupigwa wilayani, ikasomwa na bingwa aliye mbali.

Tusingoje mashine. Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Tia nukta katikati. Vaa miwani ya kusomea kama unayo. Ziba jicho moja, tazama nukta. Kisha pima jicho la pili. Mistari ikipinda, au pengine pakikosekana, nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Mwambie daktari, "Naomba uangalie na nyuma." Atatia matone ya kupanua mboni, kisha atamulika. Matone hayo huleta ukungu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo kijana amsindikize mzee, hasa kama ni Bugando, maana kile kilima si cha kushuka huku huoni vizuri.