Mkaguzi Apimwe kwa Kazi Yake, Si kwa Jina la Babake



Tunapolaani wizi wa mali ya umma, tunawataja mawaziri, makatibu wakuu na matajiri walio karibu na ikulu. Tuna haki ya kuwataja. Lakini baina ya mwizi mkubwa na jasho la mlipa kodi husimama mtu asiye na bendera wala king'ora: mkaguzi wa hesabu. Ndiye afunguaye leja, alinganishaye hati ya malipo na mzigo ulioingia stoo, aendaye kuitazama kwa macho yake barabara inayodaiwa kukamilika. Swali letu ni hili: mtu huyu huajiriwa, hupimwa na hupandishwa cheo kwa kipimo gani?

Tusisahau tulikotoka. Mwaka 1986 Bunge la chama kimoja lilibadilisha Katiba na kumwondolea Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kinga iliyomzuia mtawala kumfuta kazi apendavyo. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990, kilio cha mageuzi kilipozidi. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 229, ikampa Mkaguzi Mkuu kipindi kimoja cha miaka 8 kisichorudiwa, na ikamwagiza atoe ripoti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, aseme waziwazi iwapo fedha za umma zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa.

Hayo ni matunda ya watu waliopigwa virungu na kufungwa. Lakini yalimlinda mmoja aliye juu. Je, wale walio chini yake? Ripoti inayofika Bungeni haiandikwi na mkono mmoja. Kuanzia Agosti 2019 hadi Julai 2020 kiti cha Mkaguzi Mkuu kilikaa wazi, na katika miezi hiyo yote ofisi ilikuwa ni wafanyakazi wake tu. Ukitaka kuidhoofisha ofisi ya namna hiyo huna haja ya kumgusa mkuu wake. Mhamishe kijana aliyeuliza risiti iko wapi. Mpandishe cheo mwenzake aliyefumba macho. Mwaka ukipita, hakuna atakayeuliza tena.

Mtego huu hunasa mahali ambapo kipimo cha kazi hakijulikani. Mkuu wa idara akiandika kwamba fulani “hana nidhamu” au “hafai kwa majukumu makubwa”, bila kueleza kazi gani ilimshinda, mfanyakazi atajiteteaje? Ndiyo sababu tunasema kwamba wafanyakazi wa ukaguzi waongozwe kwa umahiri wa kazi ulioandikwa na kujulikana na wote.

Umahiri si cheti kilichotundikwa ukutani. Ni uwezo unaoonekana katika kazi yenyewe: kutafuta ushahidi na kuupima, kuielewa sheria ya fedha, kuandika hoja ambayo mbunge na mwanakijiji wataifahamu, kumsikiliza anayekaguliwa bila kumwonea wala kumwogopa, kukataa zawadi, kumfundisha aliye chini yako. Kila ngazi ya kazi ielezwe hivyo, kuanzia mwanafunzi wa kazi hadi mkurugenzi. Kipimo hichohicho kitumike wakati wa kuajiri, kufunza, kutathmini na kupandisha vyeo. Hapo anayenyimwa cheo ataweza kuuliza: ni umahiri upi nilioukosa, na ushahidi uko wapi?

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Waumini wanajua kwamba Yethro, alipomshauri Musa kuchagua wasaidizi, hakumtajia ukoo. Alimtajia uwezo, uchaji, ukweli na kuchukia mapato ya dhuluma. Na mwaka 2022 INTOSAI, shirika la kimataifa la taasisi kuu za ukaguzi, lilipitisha kiwango kinachozitaka taasisi hizo ziamue na kuandika umahiri unaohitajika kwa wakaguzi wao.

Wengine watasema kwamba miaka mingi kazini yatosha. Tunawaheshimu wazee wa kazi, lakini miaka ishirini ya kutia sahihi bila kusoma haimfanyi mtu kuwa mkaguzi. Wengine watatuonya kwamba tukipima uwezo, makabila madogo yatatupwa nje. Wasome kifungu cha 232 cha Katiba. Kinadai ushindani wa haki na uwezo, na papo hapo kinadai uwakilishi wa jamii zote na nafasi sawa kwa wanawake na walemavu. Aliyewafungia mlango wanyonge miaka yote hiyo si kipimo cha wazi. Ni simu ya usiku inayosema, “Huyu ni mtu wetu.”

Iko hoja moja nzito, nasi hatuikwepi: kwamba kipimo chenyewe chaweza kugeuzwa kiboko. Imetokea. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilianza kuwatathmini wachambuzi wake kwa umahiri mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2006 ofisi hiyo ilipanga upya ngazi za mishahara, na baadhi ya wachambuzi ambao kazi yao ilikuwa imeridhisha wakanyimwa nyongeza ya mwaka. Mwaka 2007 wachambuzi hao walipiga kura na kuunda chama cha wafanyakazi, cha kwanza tangu ofisi hiyo ianzishwe mwaka 1921. Mwaka uliofuata Bunge lao likaingilia kati kwa sheria. Kosa halikuwa kuandika umahiri. Kosa lilikuwa kuufunga mshahara kwenye kipimo ambacho waliopimwa hawakukiamini.

Kwa hiyo madai yetu ni manne. Kwanza, orodha ya umahiri wa kila ngazi itangazwe, kwa maana orodha iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Pili, wakaguzi wenyewe washirikishwe kuiandika. Tatu, kila alama anayopewa mfanyakazi iambatane na ushahidi wa kazi aliyoifanya. Anayedai ushahidi kwa wengine asihukumiwe kwa uvumi. Nne, kuwe na rufaa mbele ya watu wasio chini ya bosi aliyetoa alama.

Nanyi wasomaji mna sehemu yenu. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari vinampa kila raia haki ya kuuliza. Kamati za haki na amani za parokia, vikundi vya vijana na vyama vya akina mama viandike barua. Viulize wakaguzi huajiriwa na hupandishwa vyeo kwa kipimo gani, na kipimo hicho kiko wapi kisomwe. Mbunge wenu akija kwenye harambee, mwulizeni pia. Zahanati isiyo na dawa ina mkaguzi wake mahali fulani. Hakikisheni kwamba mkaguzi huyo akiandika ukweli hatalala akihofia barua ya uhamisho.