Kinamasi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huwapa walimu wa masomo ya biashara la kusema, na waweka hazina wa vyama vya akiba huitumia kuwatisha wanachama wazembe. Mimi nilikuja kuielewa barabara nilipokuwa nimesimama mbele ya umati katika mkutano wa hadhara, nikiulizwa habari za ndege.

Miaka kadhaa iliyopita, kinamasi kimoja kidogo karibu na shule niliyokuwa nikifundisha, pembezoni mwa Kisumu, kilianza kujazwa kifusi. Malori yalikuja alfajiri na kuondoka magharibi. Hatimaye wakaazi tuliitwa kutoa maoni juu ya majengo yaliyokusudiwa. Nilisimama na kusema, kwa ufasaha wote wa mwalimu wa Kiswahili, kwamba pale palikuwa makao ya ndege wengi. Afisa aliyeongoza mkutano hakunidharau. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni ndege wa aina gani? Ni wangapi? Uliwaona lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepita kando ya kinamasi kile kila asubuhi kwa miaka tisa, na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Nikaketi. Leo pana ukuta na lango la chuma. Siulaumu ukuta kama ninavyoulaumu mkono wangu uliokuwa na kalamu na usiitumie.

Tangu wakati huo nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi Dunga kila mwezi. Dunga ni kinamasi cha mafunjo kilicho ukingoni mwa Ziwa Victoria, kilomita chache tu kusini mwa katikati ya jiji la Kisumu. Msomaji asidhani kwamba hapo ni msituni. Upande mmoja kuna ufuo wa wavuvi, ngalawa zilizopakwa rangi na vibanda vya samaki. Upande mwingine kuna nyumba, viunga vya mboga na viwanja vilivyowekewa mipaka. Katikati yake mafunjo yamesimama marefu kumpita mtu. Ni mahali ambapo mji umekwisha kuingia mguu mmoja, na mguu wa pili umeinuliwa.

Wenzangu wengi huona kwamba mahali kama hapo hapafai kwa ziara ya masomo. Tumezoea kukodi basi kwa gharama kubwa na kuwapeleka watoto katika mbuga za mbali, ili wakaone simba aliyelala. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini naamini sasa kwamba kinamasi kilichomegwa nusu humfunza mwanafunzi jambo ambalo mbuga haiwezi kumfunza, nalo ni jinsi kitu kinavyotoweka huku sote tukitazama.

Hebu tuangalie ndege wenyewe. Ukifika Dunga asubuhi utawaona yangeyange wakitembea miongoni mwa ng'ombe, kwarara wakipiga kelele juu ya paa, mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitupa majini, na fundichuma akisubiri matumbo ya samaki karibu na wavuvi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka mbayuwayu na vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia kuikimbia baridi. Mwanafunzi mgeni huhesabu hao, akafurahi, akaandika kwamba kinamasi kina afya njema.

Hapo ndipo ninapomwomba atulie na kusikiliza. Ndani ya mafunjo yupo ndege mwingine, mweusi mgongoni, mwekundu sana kifuani, mwenye utosi wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Huyu hasubiri matumbo ya samaki wala hapandi paa la mtu. Maisha yake yamefungamana na mafunjo ya nchi zilizo katika ukanda huu wa maziwa makuu. Mafunjo yakiondolewa, naye huondoka. Ni rahisi kumsikia kuliko kumwona. Jirani yake ni shore wa manjano wa mafunjo, mdogo na mwenye haya, ambaye naye hana makao mengine.

Basi naelewa leo kwamba jibu langu mkutanoni lilikuwa baya kuliko nilivyodhani. "Ndege wengi" si hoja. Kinamasi kinaweza kujazwa kifusi na ndege wakaonekana kuongezeka, kwa kuwa yangeyange na kwarara hupenda mahali palipofunguliwa. Wale wasioweza kuhama ndio hutoweka, nao hutoweka kimyakimya. Afisa yule alikuwa ameniuliza swali la maana kabisa.

Najua lipo jibu la upande wa pili, nami sitalikwepa. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa akipanda sukumawiki ukingoni aliwatazama wanafunzi wangu na darubini zao mbili, akacheka. "Mwalimu," akasema, "ndege hao hawajawahi kunilipia karo ya mtoto hata muhula mmoja." Alisema kweli. Watu wa Kisumu wanahitaji nyumba, chakula na kazi, na si haki mtu mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kumhubiria mkulima asiyekuwa nao.

Hata hivyo, kando ya mzee yule walikuwapo akina mama wakikata mafunjo ya kufumia mikeka na vikapu. Mmoja wao aliwaonyesha wanafunzi mahali pa kukata, akaeleza kwamba shina la chini likiachwa, mafunjo huota tena. Kinachoyaua ni kung'olewa, kuchomwa mara kwa mara na kufunikwa kwa kifusi. Mafunjo hayohayo huzuia matope na uchafu wa mji usimwagike wote ziwani, na katikati ya mizizi yake hujificha vifaranga vya samaki pamoja na kambare na kamongo wanaouzwa ufuoni. Maji ya ziwa yalipofurika mwaka wa 2020 na kuwafukuza watu katika nyumba zao, hakuna aliyehitaji kufunzwa kwamba ukingo wa ziwa ni mali ya ziwa. Karo ya mtoto hulipwa na kinamasi pia, ila risiti yake haisomeki upesi.

Kwa hivyo sidai kwamba pasijengwe kitu. Ninachodai ni kwamba pasijengwe gizani. Sheria haituzuii kusema. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe kabla ya kuanza, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni. Kenya iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka wa 1990, na maeneo sita yamekwisha kuorodheshwa, yakiwemo Nakuru, Naivasha na delta ya Mto Tana. Dunga halimo katika orodha hiyo, wala vinamasi vidogo vilivyo nyuma ya masoko na shule zetu. Hivyo havina mtetezi ila jirani, na jirani asiye na daftari hana ushahidi.

Hapa ndipo mwalimu na mwanafunzi wanapohitajika. Kazi yenyewe haigharimu kitu. Chagueni njia moja na mwifuate mwezi baada ya mwezi, saa ileile ya asubuhi. Andikeni tarehe, hali ya hewa, jina la ndege na idadi yake. Msipomtambua ndege, mwelezeni alivyo, au mwandike "hatujui", kwani daftari linalosema uongo mara moja haliaminiki tena. Msipomwona ndege mliyemwona mwezi uliopita, andikeni sifuri. Sifuri nayo ni habari, na pengine ndiyo habari kubwa kuliko zote. Andikeni pia malori, ukuta mpya, moto na mtaro uliochimbwa. Mwalimu wa hesabu atapata takwimu zake humo, mwalimu wa sayansi atapata somo lake, nami wa Kiswahili nitapata majina. Maana wanafunzi wangu wengi hawajui mdiria ni nini, na ndege asiye na jina kinywani mwa mtoto ni rahisi kumsahau.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza tulipokuwa tukirudi, "Mwalimu, tutafanyaje ikiwa watajenga hata tukiwa tumeandika?" Nilimwambia ukweli. Huenda wakajenga. Daftari si ngome. Lakini atakapoitwa mkutanoni na kuulizwa ni ndege gani, wangapi na lini, hataketi kama nilivyoketi mimi. Atafungua ukurasa na kusoma.

Tarehe 2 Februari kila mwaka huadhimishwa kuwa siku ya ardhi oevu duniani. Shule nyingi hupanda mti, zikaimba wimbo, zikasikiliza hotuba. Mwaka ujao, walimu wenzangu, naomba tuongeze jambo moja dogo. Tununue daftari la kurasa mia mbili, tuandike jina la kinamasi chetu juu ya jalada, kisha twende kabla ya jua kuwa kali.